Watu wa Pumzi Fupi

Leo twasema na ninyi mnaotusikiliza mkiwa mmeketi kitandani, mmeegemea mito, kwa sababu kulala chali kumekuwa ni taabu. Mazungumzo ya leo ni yenu.

Neno letu latoka katika kitabu cha Kutoka, mlango wa 6, mstari wa 1 hadi wa 13. Mwenye Biblia karibu na afungue, asiye nayo asikilize tu, maana kisa chenyewe si kigeni. Waisraeli wako Misri, wanafyatua matofali. Farao amewanyima majani makavu ya kuchanganya na udongo, lakini hesabu ya matofali haikupunguzwa hata moja. Musa anawaendea na habari njema kuliko zote walizopata kusikia: ya kwamba Mungu amelikumbuka agano lake, atawatoa, atawapa nchi. Nao hawakumsikiliza. Mstari wa 9 watupa sababu mbili. Ya kwanza ni ile kazi ngumu. Ya pili wafasiri wengi huieleza kama uchungu, au kuvunjika moyo. Lakini maneno yenyewe ya Kiebrania, tukiyachukua kama yalivyo, yasema hivi: walikuwa na ufupi wa ruah.

Hilo neno ruah ni pana. Ni upepo, ni roho, na ni pumzi inayoingia na kutoka puani. Neno letu la Kiswahili, roho, tulilolipata kutoka kwa Kiarabu, ni ndugu yake wa damu. Basi watu wale walikuwa wamefupishwa roho, ndiyo, lakini pia walikuwa na pumzi fupi. Walikuwa wakitweta. Na mtu anayetweta, wapendwa, hata ukimwambia habari za mbinguni, masikio yake yako kifuani mwake. Anasikiliza kama pumzi inayofuata itakuja au haitakuja.

Hapa Ogembo watu hao tunao. Ukiteremka kuelekea mto Gucha, ambao majirani zetu Wajaluo huuita Kuja, utawaona vijana mabondeni wakifyatua matofali, kisha wakiyapanga na kuyachoma kwa kuni usiku kucha. Matofali ya Misri yalikaushwa juani tu. Haya yetu yana moshi zaidi. Ukienda upande wa Tabaka utawakuta wachonga mawe, ambao kazi zao zimefika Ulaya na Marekani, nyuso zao nyeupe kwa vumbi la lile jiwe laini. Wenye busara kati yao hulilowesha jiwe kabla ya kulichonga, na akina mama wanaolisugua hulisugua ndani ya karai la maji, na hiyo ni akili njema sana, kwa sababu vumbi lililolowa haliruki. Lakini msumeno hauna subira, wala mnunuzi hana.

Hata hivyo wengi wa watu wetu wa pumzi fupi hawakutoka kwenye tanuri wala kwenye machimbo. Wametoka jikoni. Kisii mvua hunyesha karibu mwaka mzima, hivyo moto wetu umekaa ndani ya nyumba tangu zamani. Mafiga matatu, kuni za blugamu ambazo hazijakauka sawasawa, na magunzi ya mahindi ya kuwashia. Mama huinamia moto huo asubuhi akipika chai, mchana akipika mboga, jioni akisonga obokima, na mara nyingi ana mtoto mgongoni. Ameanza kazi hiyo akiwa msichana wa miaka minane. Hesabu mwenyewe akiwa na miaka sitini amevuta moshi kiasi gani, ingawa hajagusa sigara hata siku moja. Ukuta wa jiko hutuonyesha masizi, nasi hucheka tukisema jiko limekomaa. Kifua chake hatukioni.

Waongeze hao wavuta sigara, ambao sheria ya mwaka 2007 iliwaondoa katika mahali pa watu wengi lakini haikuwaondoa nyuma ya nyumba. Waongeze wenye pumu ambayo haikutibiwa vema tangu utotoni. Tena waongeze wale waliougua kifua kikuu, wakameza dawa miezi sita bila kukosa, wakaambiwa wamepona. Na kweli wamepona vijidudu, lakini kovu limebaki katika mapafu, na pumzi haikurudi yote.

Madaktari huuita ugonjwa ulio mkubwa kati ya haya kwa herufi COPD. Maana yake, kwa maneno ya kawaida, ni kwamba njia za hewa zimevimba na kubana, na vifuko vidogo vya mapafu vimeharibika, wala haviwezi kurudi kama vilivyokuwa. Hewa yaingia, lakini kutoka yachelewa. Kifua chajaa hewa iliyochoka, na nafasi ya hewa mpya hakuna. Ndiyo maana mgonjwa atakwambia kwamba hawezi kuvuta, na kumbe shida yake ni kutoa. Shirika la Afya Duniani lilihesabu vifo kama milioni 3.5 vilivyotokana na ugonjwa huo mwaka 2021. Na asidhani mtu kwamba hayo ni mambo ya Ulaya peke yake. Katika wilaya ya Masindi, kwa majirani zetu wa Uganda, wataalamu walipima watu waliozidi miaka 30, wakatangaza mwaka 2015 ya kwamba karibu watu 16 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa huo, wengine wakiwa bado vijana wa thelathini na kitu. Karibu wote waliishi na moshi wa kuni.

Sasa, nia yetu leo si kueleza ugonjwa. Kazi hiyo wanayo waliosomea. Tunataka kuuliza swali ambalo lawahusu wachungaji na wazee wa kanisa sawa na madaktari: mtu huyu ambaye hatapona, anaishije? Je, maisha yake ni maisha?

Swali hili wenye elimu wamelipatia vipimo. Katikati ya karne ya ishirini, huko Uingereza, daktari Charles Fletcher na wenzake, waliokuwa wakiwachunguza wachimbaji wa makaa ya mawe wa Wales, walitunga ngazi ya madaraja matano ya kupungukiwa pumzi. Wa daraja la chini hutweta akifanya kazi nzito tu. Anayefuata hutweta akiharakisha au akipanda kilima kidogo. Wa tatu huachwa nyuma na wenzake wa rika lake mahali tambarare. Wa nne husimama kupumzika baada ya hatua kama mia. Na wa tano hatoki nyumbani. Hata kuvaa nguo ni safari. Ngazi hiyo yatumika mpaka leo, na ni nzuri. Lakini sisi wa Ogembo twauliza: hapo tambarare ni wapi? Kwetu nyumba iko juu ya kilima, chemchemi iko bondeni, shamba la majani ya chai liko kwenye mteremko, kituo cha kupimia chai kiko ng'ambo. Kwa mtu wetu hakuna daraja la tatu. Akitoka mlangoni ama anapanda ama anateremka, na kila alikoteremka atapanda.

Kisha mwaka 1992 Profesa Paul Jones na wenzake wa hospitali ya St George's, London, walitoa orodha ya maswali hamsini hivi, wakamwuliza mgonjwa mwenyewe: unakohoa mara ngapi? Ni kazi zipi zinakushinda? Je, kikohozi chako chakutia aibu mbele za watu? Je, waogopa pumzi ikikata? Majibu hugeuzwa kuwa alama toka 0 hata 100, na alama zikizidi, maisha yamezidi kubanwa. Wamekubaliana kwamba badiliko la alama nne tu mgonjwa hulisikia mwilini.

Jambo lililotugusa katika kazi hiyo ni hili. Wapo watu wawili ambao ukiwapima mapafu kwa kile chombo cha kupuliza, hesabu zao zaweza kulingana kabisa. Lakini ukiwauliza juu ya maisha yao, mmoja anaishi na mwenzake amekwisha kuzikwa akiwa hai. Kipimo cha mapafu na kipimo cha maisha haviendi pamoja sana. Kuna kitu katikati. Na kitu hicho, wapendwa, kwa sehemu kubwa ni sisi, watu waliomzunguka.

Tulimtembelea omong'ina mmoja wa kanisa letu, mjane, ambaye hakuwa ameonekana ibadani kwa muda mrefu. Kanisa liko juu, kwake ni chini. Tulimkuta ameketi kwenye kigoda nje ya jiko, viwiko vimewekwa magotini, mabega yamepanda karibu na masikio. Tukamsalimu. Akainua mkono tungoje. Tukangoja. Kisha akasema maneno matatu, akapumua, akasema mengine matatu. Hakulalamika juu ya kifua. Alisema, "Mchungaji, siku hizi siimbi."

Tulidhani tumemsikia vibaya. Hapana. Mama huyu alikuwa mwimbishaji wa Mothers' Union miaka na miaka. Katika maswali yote hamsini ya London yako mengi mazuri, lakini kama yangetungwa hapa kwetu, twaamini lingekuwako la kuimba. Na lingekuwako la kwenda matangani. Maana kwetu mtu asiyefika matangani, asiyebeba kuni wala maji kwa mfiwa, huanza kuhesabiwa kuwa mtu wa namna nyingine. Lingekuwako la kupokea mgeni: mama aliyeshindwa kumpikia mgeni chai huona haya, na mwishowe huomba Mungu wageni wasije. Lingekuwako la ndoa pia, kwa sababu mume anayeogopa kumkaribia mkewe kwa kuwa atatweta hatalisema jambo hilo kwa daktari wala kwa mchungaji. Litakaa pale kati yao kama jiwe. Wenye ndoa wanaotusikia na wazungumze wao kwa wao, wala wasione haya, maana kukaa karibu si lazima kuwe na haraka.

Na lingekuwako la usiku. Usiku ndio mgumu kuliko yote. Ayubu katika mlango wa 9, mstari wa 18, amnung'unikia Mungu ya kwamba hampi nafasi hata ya kuvuta pumzi. Wako wanaosoma mstari huo kama mashairi tu. Mwenye ugonjwa huu ausoma kama habari ya jana saa nane za usiku, nyumba nzima imelala, yeye ameketi, dirisha amelifungua ingawa ni baridi ya mwezi wa Julai, anaogopa kuwaamsha watoto, na hofu yenyewe inazidi kumbana kifua. Hofu huharakisha pumzi, na pumzi ya haraka huzidisha hofu. Mtu huyo akiambiwa asubuhi yake kwamba imani yake ni haba, tumemwongezea matofali.

Hapa tutasema kwa ukali kidogo. Wako wahubiri, tena wa sauti kubwa, wanaowaambia wagonjwa waitupe ile dawa ya kupuliza mdomoni kama ushuhuda wa kuponywa. Mungu huponya, sisi hatuna shaka, na twawaombea wagonjwa na kuwawekea mikono. Lakini hatujapata kusoma mahali Yesu alipomnyang'anya mgonjwa fimbo kabla hajamwinua. Yule wa Bethzatha alikwenda na godoro lake mwenyewe baada ya kupona. Dawa na ikae mfukoni. Siku Bwana atakapoifanya isiwe na kazi, daktari naye ataona.

Tena kuna jambo jeusi kuliko hilo. Mwezi wa Oktoba mwaka 2021, huko Marani, katika Kisii yetu hii hii, akina mama wazee wanne waliuawa kwa madai ya uchawi. Hatusemi walikuwa wagonjwa wa mapafu. Twasema kwamba mama mzee ambaye haonekani kanisani, haonekani matangani, anayekaa macho usiku wa manane na taa yake yawaka, ambaye macho yake yamekuwa mekundu, huyo kwa watu wengine ni ushahidi uliokamilika. Kwa ndugu zetu Wasukuma wa Tanzania macho mekundu ya ajuza yamewaponza wengi, na wekundu huo wenyewe ni wa moshi wa jikoni. Kumbe mama amepika miaka hamsini akawalisha watu, moshi ukamwachia macho mekundu na kifua kibovu, na wale aliowalisha waja kumwuliza kwa nini hatembei mchana na halali usiku. Kijana unayetusikiliza, ukisikia maneno ya namna hiyo yakinong'onwa sokoni, jibu lako liwe la haraka na la wazi: anaumwa. Sema hivyo mbele ya watu. Neno hilo moja laweza kuokoa uhai.

Sasa yako mambo yanayosaidia, na mengi si ya gharama. La kwanza lashangaza. Watu wetu hudhani mwenye kifua akae tu, asinyanyuke, na kwa upendo mkubwa humfungia kitini. Lakini miguu isiyotembea hudhoofika, na miguu dhaifu hudai pumzi nyingi zaidi. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, wataalamu waliwachukua watu waliobakiwa na makovu ya kifua kikuu, wakawapa mazoezi ya mwili na mafundisho mara mbili kwa juma kwa majuma sita. Habari zake zilichapishwa mwaka 2017. Mapafu hayakuwa mapya. Lakini watu wale waliweza kutembea mbali zaidi, na hesabu ya maisha yao ikawa njema. Basi mgonjwa akiisha kuonana na daktari, na atembee kila siku, leo hadi mgombani, juma lijalo hadi njia panda, na mjukuu amsindikize kwa mwendo wake yeye mzee, si kwa mwendo wa mjukuu.

La pili ni namna ya kupumua pumzi inapokata. Keti, inama mbele kidogo, viwiko juu ya magoti au juu ya meza. Vuta hewa kwa pua, polepole. Kisha itoe kwa midomo iliyokunjwa, kama mtu anayepoza uji wa moto kwenye kikombe, na kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, kama mara mbili yake. Midomo ile iliyokunjwa huzuia njia za hewa zisifunge upesi, na hewa iliyochoka yapata kutoka. Kila mtu wa nyumba hiyo na ajifunze, mtoto naye, ili saa nane za usiku awepo mmoja wa kuketi kando na kupumua pamoja na mgonjwa hadi hofu itulie. Midomo ikiwa ya samawati, au maneno yakishindwa kutoka, hapo si pa kungoja kuche. Pikipiki iitwe, hospitali ya Ogembo haiko mbali.

Na dawa ya kupuliza, wengi huipulizia ulimini ikaishia hapo. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town walionyesha kwa watoto wenye pumu kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitako ili dawa iingie kwa nyuma na mdomo ukae kwenye shingo ya chupa, ilifanya kazi sawa na kile chombo cha dukani. Mwombeni mwuguzi awaonyeshe. Chupa hizo zimejaa barabarani.

Kuhusu jiko lenyewe, tuseme ukweli wote. Majiko yanayobana kuni yamehubiriwa katika nchi yetu tangu miaka ya 1980, nayo yamepunguza kuni na kuchoma mikono kidogo. Lakini huko Malawi, mwaka 2016, utafiti mkubwa ulitangazwa kwamba jiko bora peke yake halikupunguza nimonia ya watoto, kwa kuwa moshi una milango mingi: takataka zinazochomwa, tumbaku, jirani. Basi jiko bora ni jema, dirisha mbili zinazotazamana ni jema, kuni zilizokauka ni jema, gesi ya kilo sita kwa anayeimudu ni jema zaidi, na mtoto asikae karibu na moto. Yote pamoja. Wanaume nao wajue kwamba bei ya mtungi wa gesi ni jambo lao, si la mama peke yake. Wengi wetu twalalamikia bei hiyo tukiwa na simu mbili mfukoni.

Turudi kanisani. Makanisa yetu mengi ya Gucha yamejengwa juu, na sababu zake zilikuwa njema, kengele isikike mbali. Basi wazee wa kanisa na waweke benchi katikati ya kilima. Haligharimu kitu, mbao mbili na mawe. Kutoka mlango wa 17 watuambia kwamba mikono ya Musa ilipochoka kilimani walimletea jiwe akaketi, na Haruni na Huri wakamshika huku na huku hadi jua kuchwa. Hatusomi kwamba mtu alimwambia asimame kwa heshima. Wenye kifua na waimbe wakiwa wameketi. Wapokee Meza ya Bwana wakiwa wameketi, au kasisi awateremkie. Kitabu cha Sala hakimhukumu asiyeweza kupiga magoti. Na sala zetu sisi wachungaji tuzipime, maana zikipita dakika kumi hata mwenye mapafu mazima hupungukiwa pumzi. Vijana watoe zamu ya kuchota maji bondeni kwa nyumba tatu au nne zinazojulikana, Jumatano na Jumamosi. Na anayekwenda kumwona mgonjwa na abebe chai yake kwenye chupa, tena asiulize maswali mengi. Kila swali lataka pumzi ya kulijibu.

Yule omong'ina wetu, Mothers' Union waliamua wawe wakimwendea Alhamisi alasiri, wafanye mkutano wao pale pale nje ya jiko lake. Yeye haimbi. Huwaambia ni wimbo gani na ni ubeti upi, naye hupiga mapigo kwa mkono juu ya goti, na wakikosea huinua kidole. Wanatuambia kwamba hawajapata kuimbishwa kwa ukali namna hiyo.

Twende tena kwenye somo letu, maana hatujasema Mungu alifanya nini. Watu wa pumzi fupi hawakumsikiliza Musa. Twategemea kusoma kwamba Mungu alikasirika, au kwamba aliwaambia waamini kwanza ndipo awatoe. Someni mistari ya 10 na 11. Mungu hakumrudisha Musa kwao na hotuba iliyo bora. Alimtuma kwa Farao. Aliuacha mstari wa matofali bila kuwadai watu wale neno lolote, akaenda kwa yule aliyewafupisha pumzi. Ahadi haikufutwa kwa sababu waliopewa hawakuwa na nguvu ya kuitikia Amina.

Tuombe.

Ee Mungu uliyempulizia mtu wa kwanza puani, usiku wa leo yuko mmoja katika mabonde haya ambaye ataketi mpaka kuche. Wamjua jina. Mpe mtu wa kuketi naye. Wape waganga wetu dawa za kutosha, na vijana wetu miguu ya kushuka mtoni kwa ajili ya wengine. Mlinde kila mama mzee na ulimi wa jirani yake. Na yeye asiyeweza sasa kusema sala hii pamoja nasi, uipokee pumzi yake kama ilivyo, fupi, kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.